“Kaa na tena”: niliyojifunza kwenye uimbaji wa nota za maumbo

Nimeimba kwaya tangu nikiwa na miaka tisa. Nilianzia usharikani kwetu Machame, sauti ya kwanza, na mpaka naondoka Tanzania nilikuwa nawafundisha wenzangu solfa ubaoni: d, r, m, f, s, l, t, nukta mbili hapa, mstari pale. Nalitanguliza hilo kwa sababu ndilo lililonichelewesha kujifunza uimbaji wa nota za maumbo, ambapo umbo la kichwa cha nota ndilo linalokuambia jina lake. Ningeingia sijui kitu, ningejifunza kwa miezi miwili kilichonichukua karibu mwaka.

Mwaka 2018 nilikuwa nahudumia wazee majumbani, nje kidogo ya Atlanta. Kulikuwa na bibi mmoja aliyepata kiharusi upande wa kushoto. Kila alasiri mkono wake wa kulia ulikuwa ukipanda na kushuka juu ya kiti, taratibu, bila kukosea, na midomo ikitembea. Nikadhani ni ugonjwa. Niliandika hata kwenye daftari la muuguzi. Siku moja nikainama nisikie anasema nini: fa, la, sol, la. Nami bila kufikiri nikaimba ngazi ya kushuka, kama tulivyokuwa tukipasha sauti nyumbani. Akafumbua macho akanitazama kwa muda mrefu, kisha akanionyesha kabati.

Ndani kulikuwa na kitabu kipana kuliko kirefu, jalada la rangi ya damu ya mzee, kurasa zimelainika kama kitambaa. Kinaitwa The Sacred Harp, yaani kinubi kitakatifu. B. F. White na E. J. King wa Georgia walikitoa mwaka 1844, na tangu hapo kimekuwa kikirekebishwa na kuchapishwa upya. Kila nota ina kichwa chenye umbo lake. Pembetatu ni fa, duara ni sol, mraba ni la, na ile ya uru, kama uru ya kwenye karata, ni mi. Majina ni manne tu, kwa hiyo ngazi nzima inapandwa hivi: fa, sol, la, fa, sol, la, mi, fa. Njia hii ilishachapishwa Marekani tangu 1801, kwenye kitabu cha mafunzo cha William Little na William Smith, ili mkulima na fundi viatu waweze kusoma wimbo bila kwenda chuo. Solfa yetu, ile aliyoieneza John Curwen kutoka Uingereza na wamisionari wakaileta Afrika, ilikusudia jambo lile lile. Ni kama ndugu wawili waliokulia nyumba tofauti.

Bibi aliniambia kuna watu wanakutana kuimba kitabu hicho mara moja kwa mwezi, Jumapili mchana, na kwamba hawamfukuzi asiyejua. Akanipa maagizo matatu (tena hapa ni ile sauti ya kwaya, tenor): “Kaa na tena, mwanangu. Usikae mbele. Na usiimbe vizuri, imba kwa nguvu.”

Nilimwitikia “ndiyo, bibi”, kisha nikavunja yote matatu.

Nianze na kitabu, maana hapo nilipoteza pesa hata kabla sijaimba. Nilikwenda kwenye mtandao nikaagiza cha kwanza chenye jina lile. Kumbe kuna zaidi ya kitabu kimoja kinachobeba jina hilo. Kuna toleo la Cooper, linalopendwa zaidi kusini mwa Alabama na Texas, na kuna lile ambalo watu wengi hulitumia, ambalo wakati huo lilikuwa la mwaka 1991. Kurasa hazifanani. Kiongozi alitaja ukurasa, wenzangu wakafungua wimbo mmoja, mimi mwingine kabisa. Dola zaidi ya thelathini zikawa zimekwenda. Tangu 2025 kuna toleo jipya tena, kwa hiyo usinunue chochote kabla ya kuuliza mahali unapokwenda. Mara ya kwanza usinunue kabisa. Kila mkutano niliofika ulikuwa na vitabu vya kuazima juu ya meza mlangoni, bure, na hakuna aliyeniuliza nitakirudisha lini.

Chumba kimepangwa hivi: mabenchi yanazunguka pande nne, watu wakitazamana, na katikati pameachwa uwazi. Upande mmoja ni wa tena, mkabala nao alto, na pande mbili zilizobaki ni besi na treble, ambayo ndiyo sauti ya juu. Nilipoona treble nikajiambia, hiyo ndiyo sauti ya kwanza, ndiyo kwangu. Nikaketi benchi la mbele kabisa, kama nilivyozoea.

Wimbo wa kwanza ulipoanza nilitafuta mahadhi nisiyaone. Kwetu sauti ya kwanza ndiyo hubeba wimbo. Hata asiyejua kitu huwafuata wanawake wa mbele. Huku wimbo wenyewe umewekwa sauti ya tatu, kwa tena, na wanaouimba ni wanaume na wanawake pamoja. Kushoto kwangu alikaa mzee wa miaka sabini hivi, naye anaimba treble, oktavu moja chini yangu. Sauti yetu ilikuwa ikiruka peke yake huko juu, haina uhusiano na chochote nilichokijua, na mapigo yalikuwa yakienda kama gari-moshi. Ndiyo sababu bibi alisema nikae na tena. Mgeni akikaa pale huwa ndani ya wimbo wenyewe, na mabenchi ya mbele wamo wenye uzoefu wanaopiga mkono, juu na chini, unawaona migongo yao. Benchi la tatu ni zuri zaidi. Unawasikia walio mbele, na walio nyuma wanakusukuma.

Lakini kilichonitesa hasa ni majina ya nota.

Kabla ya maneno, kila wimbo huimbwa kwanza kwa majina ya nota. Wote, sauti zote nne kwa pamoja, kila mmoja na majina yake. Mtu asiyewahi kusoma muziki huangalia umbo na kusema jina lake, basi. Mimi nilikuwa nikiona nota, kichwa kinasema do, jicho linaona pembetatu, mdomo unatoa kitu cha katikati. Nota ya saba, ambayo maisha yangu yote ni ti, wao wanaiita mi. Na mi yangu wanaiita la. Niliporudi nyumbani jioni ile nililia kwa hasira, mtu mzima, mwalimu wa solfa wa kwaya nzima, nimeshindwa na nyimbo ambazo mtoto wa miaka kumi aliyekaa mkabala nami alikuwa akiziimba huku akichezesha miguu.

Nilikaa miezi miwili bila kurudi. Hilo ni kosa kubwa kuliko la kitabu.

Aliyenifungua ni yule bibi. Alichukua penseli kwa mkono wake mzima akaandika ngazi zote mbili sambamba, yangu na yake. Ndipo nikaona: fa, sol na la za juu ni zile zile, haziguswi. Kinachobadilika ni do, re, mi za chini, ambazo nazo zinaitwa fa, sol, la, halafu ti inakuwa mi. Majina manne ya kujifunza upya, mengine yote ninayo tayari. Na kwenye nyimbo za huzuni, zile zinazokaa kwenye la, nyumbani kwake ni la kama kwetu. Ewe mwanakwaya wa solfa unayesoma hapa, andika hivyo kwenye karatasi, ibandike ukutani mwa jiko wiki moja, na usijaribu kutafsiri kichwani wakati wa kuimba. Mapigo hayakusubiri. Ukipotea sema “la” kwenye kila nota mpaka uone mahali pa kurukia. Wanafanya hivyo wengi, hata waliozaliwa humo.

Nilirudi, nikakaa benchi la tatu la tena. Hapo nikakutana na agizo la tatu, la kutoimba vizuri.

Nimelelewa kwenye kwaya ya mashindano. Kwetu sare inapigwa pasi, mwalimu anainua mikono miwili, na mtu akitokeza sauti juu ya wenzake anatazamwa kwa jicho kali. Unajifunza kusikiliza, kuzifanya sauti ziwe moja, kupunguza mwishoni mwa mstari. Haya yote niliyapeleka pale, na nilikuwa nikisikika kama mtu anayenong’ona sokoni. Hawapunguzi. Hawana mazoezi, hawana siku ya onyesho, hawaimbii wasikilizaji. Wameupa mgongo ulimwengu, nyuso zinatazama ndani, na kila mmoja anaimba kwa kifua chake chote. Mwanzoni niliona ni kelele. Kuna siku nilitoa simu nikapima kama mtoa sauti, yule anayewapa wote nota ya kuanzia, ametoa ufunguo ulioandikwa kitabuni. Alikuwa chini kwa karibu nota nzima, nami nikamwambia mama aliyekaa jirani yangu. Alinijibu kwa upole kwamba hawatumii kinanda wala filimbi. Mtoa sauti anaangalia waliopo, saa ngapi za siku, makoo yamechoka kiasi gani, na anatoa sauti inayowafaa. Niliona aibu sana. Simu ile sikuitoa tena.

Kuimba kwa nguvu si kupayuka, na hapa nililipa kwa mwili. Mara ya kwanza nilipojiachia kweli nilikosa sauti siku tatu, na kazi yangu ni ya kuzungumza na wazee wasiosikia vizuri. Siku hizi nabeba lita moja ya maji, napumzika wimbo mmoja katika kila sita au saba, na koo likianza kukwaruza nahamia alto. Hakuna anayekuuliza kwa nini umehama benchi.

Mwezi Februari 2019 mama yangu alifariki. Makaratasi yangu yalikuwa bado. Ningetoka Marekani nisingeruhusiwa kurudi. Alizikwa kihambani, shambani kwetu nyumbani, saa nane mchana, kwangu ilikuwa saa kumi na mbili alfajiri na giza halijaondoka. Nilitazama mazishi ya mama yangu kwenye simu iliyoegemezwa kwenye bakuli la sukari. Kwaya yangu ya zamani iliimba, mtandao ukakatika katikati ya ubeti wa pili, uliporudi walikuwa wameshaanza kufukia. Saa mbili asubuhi nilikuwa kazini.

Sikuweza kuimba kokote baada ya hapo, si kanisani wala bafuni. Julai bibi akaniambia kuna mkutano wa siku nzima Alabama, mwendo wa saa mbili na nusu, na kwamba safari hii niende kwa niaba yake kwa kuwa yeye hawezi. Nilikosa zamu ya Jumamosi, dola 96, na petroli juu yake. Niseme pia la rangi, maana najua wengi wetu tunaliwaza kimyakimya. Niliogopa. Mwanamke Mweusi, peke yangu, barabara ya vumbi ya Alabama, kanisa la mbao katikati ya misonobari. Nilihesabu magari kabla ya kuzima injini. Ndani tulikuwa Weusi wawili kati ya watu kama themanini. Kitabu hiki kilipotoka mwaka 1844 watu weusi wa Georgia karibu wote walikuwa watumwa, na sikutaka kuimba kana kwamba sijui hilo. Yule Mweusi mwenzangu, baba wa makamo, ndiye aliyenieleza habari za Judge Jackson wa Ozark, Alabama. Judge ni jina lake tu, hakuwa jaji. Mwaka 1934 alitoa kitabu cha nota za maumbo cha watu weusi, The Colored Sacred Harp, na jamii zao kusini-mashariki mwa Alabama zilikuwa na mikutano yao wenyewe ya kuimba. Habari hiyo ilinikalisha sawa kwenye benchi kuliko makaribisho yote ya mlangoni, ambayo nayo yalikuwa ya kweli.

Mezani asubuhi palikuwa na kadi mbili: moja ya waliofariki mwaka ule, nyingine ya wagonjwa na wasioweza kutoka nyumbani. Niliandika jina la mama kwenye ya kwanza na la bibi kwenye ya pili. Pembeni kulikuwa na safu ya jimbo. Juu yangu waliandika Alabama, Alabama, Georgia, Tennessee. Mimi nikaandika Tanzania. Wakati wa mapumziko dada aliyepewa kazi ya kusoma majina alinitafuta chini ya mti, kadi mkononi, akaniomba nimtamkie. Nikamtamkia. Akarudia vibaya, nikamrekebisha, akarudia, akaandika kwa penseli jinsi anavyolisikia. Mara ya nne alilisema kama tunavyolisema nyumbani.

Kabla ya chakula cha mchana majina yakasomwa, polepole, na baada ya kila orodha ukaimbwa wimbo. La mama lilikuwa la mwisho. Watu themanini ambao hawakuwahi kumwona wakasimama wakamwimbia, wote wakitazama ndani ya ule uwazi, na mimi nikaimba. Sauti ilitoka mbaya, imejaa kamasi, kubwa. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Nilikuwa sijamlilia mama yangu kwa sauti tangu Februari, kwa sababu kwenye nyumba za ghorofa majirani hugonga ukuta.

Wanaotaka kujua chakula: kinaletwa na wote, kinapangwa kwenye meza ndefu nje. Kuku wa kukaanga, maharage, mkate wa mahindi, mayai, pai za pekani, chai baridi yenye sukari nyingi. Nilipeleka pilau na kachumbari, sufuria likarudi tupu. Peleka chochote, lakini kula kidogo. Kipindi cha mchana kinaanza mara tu baada ya hapo, na tumbo lililoshiba halina pumzi.

Kuhusu kuongoza wimbo. Kila anayetaka huitwa jina, anasimama katikati, anataja ukurasa; wanaliita “somo”, na mgeni kabisa anaruhusiwa. Mimi nilidhani nikiwa mwalimu wa kwaya hapo angalau ndipo pangu. Mwezi uliofuata nikachagua ukurasa wa 155, Northfield, kwa kuwa niliupenda. Ni wimbo wa kufukuzana: mwanzo wote wanaimba pamoja, kisha besi wanaanza peke yao, wengine wanaingia mmoja baada ya mwingine. Nikainua mikono miwili, nikawa nageuka kuwaashiria wanaoingia, nikachelewa kwa besi, nikachelewa zaidi kwa treble, wimbo ukasambaa ukasimama. Mzee wa benchi la mbele la tena aliuanzisha upya na kuniambia nimtazame yeye tu. Mkono mmoja. Chini kwenye pigo la kwanza, kisha juu. Wanajua wenyewe mahali pa kuingia. Wanachohitaji kwako ni mapigo na kusema mapema ni beti zipi. Mara ya kwanza chagua wimbo mfupi usio na kufukuzana, au mwombe mwenye uzoefu asimame nawe. Wakiona mnasimama wawili wanafurahi tu.

Ila usikatae kusimama pale katikati. Sauti nne zinakujia kutoka pande nne kwa wakati mmoja, na mbao za sakafu zinatetemeka chini ya soli za viatu. Kinasa sauti hakiwezi kukupa hilo, na hata kwenye mabenchi hulisikii.

Niwe mkweli pia kuhusu maneno. Ni nyimbo za Kikristo, nyingi za kifo na kaburi, na mkutano hufunguliwa kwa sala. Hakuna mahubiri wala sadaka ya lazima, na nimekaa na watu wasio na dini na wa dini nyingine, lakini Mwislamu au yeyote asiyetaka kuyatamka maneno hayo ajue mapema. Wapo wanaokaa kusikiliza tu, na wanapewa kiti na kitabu vilevile.

Februari iliyofuata, mwaka mmoja tangu mama azikwe, niliitwa nikataja ukurasa wa 178. Jina la wimbo ni Africa. Uliandikwa na William Billings, mtengeneza ngozi wa Boston, karne ya kumi na nane. Watunzi wa wakati ule walizipa nyimbo majina ya miji na nchi walivyotaka, na maneno yake hayasemi lolote kuhusu sisi. Nililijua hilo. Lakini maneno ni ya Isaac Watts, aliyoyatoa Isaya 49, pale Mungu anapouliza kama mwanamke anaweza kumsahau mtoto wake anyonyaye. Nilisimama, mkono mmoja, macho kwa yule mzee wa benchi la mbele. Beti tatu. Katibu aliandika kwenye kumbukumbu jina langu na 178, kama wanavyoandika la kila mtu.

Bibi nilimpelekea nakala ya ukurasa ule wa kumbukumbu. Aliutazama, akaniuliza nilikuwa nimekaa wapi kabla ya kuitwa.

“Benchi la tatu, bibi. Tena.”

Jumapili ya pili ya mwezi ujao naenda na dada mmoja wa Bukoba tunayefanya naye kazi. Ameimba sauti ya kwanza miaka ishirini. Nimemwandikia ngazi mbili sambamba kwenye karatasi, na ameshaniuliza kwa nini asikae na treble.